Anayesoma tabia ya mnyama naye apimwe

Mbwa akimng'ata mtoto Wampembe, uamuzi wa kwanza haufanyiki maabara. Kijiji hiki kiko ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, kusini mwa Wilaya ya Nkasi, mita 773 juu ya usawa wa bahari, wakati Sumbawanga iko juu ya uwanda wa Ufipa, kwenye kimo cha takriban mita 1,800. Kati ya ufukwe huo na Namanyere, makao makuu ya wilaya, kuna mteremko wa milima ambao masika yakikolea hugeuka safari nzito kwa mgonjwa, sembuse kwa kichwa cha mbwa kinachotakiwa kufika maabara kabla hakijaoza. Kwa hiyo kinachobaki ni macho ya mtu. Mbwa alichokozwa, au alimvamia mtu aliyekuwa akipita? Taya limelegea? Sauti imebadilika? Anauma vijiti na mawe, anazurura mbali na kwao? Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unajulikana: kidonda kioshwe kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, aliyeumwa aanze chanjo bila kungoja, na mbwa, kama bado yu hai na anaonekana mzima, azuiwe na kuangaliwa kwa siku 10, kwa sababu mbwa ambaye virusi vya kichaa cha mbwa vimeshafika kwenye mate yake ataonyesha dalili au atakufa ndani ya muda huo. Siku hizo 10 ni kipimo cha tabia. Swali ninalotaka tulijadili ni hili: anayeangalia kipimo hicho, yeye amepimwa na nani?

Katika nchi tajiri swali hili lilishajibiwa kwa namna yake. Marekani ina chuo cha madaktari bingwa wa tabia za wanyama kilichoanzishwa mwaka 1993, na Ulaya ina chake cha ustawi na tiba ya tabia. Njia ya kuingia cha Marekani ni ndefu. Mtu huanza na shahada ya udaktari wa mifugo, kisha mafunzo kazini, kisha miaka ya ukaazi chini ya bingwa aliyekwisha kuthibitishwa. Lazima achapishe utafiti wake katika jarida la kitaaluma, aandike ripoti tatu za wanyama aliowatibu zikahakikiwa na mabingwa, ndipo aruhusiwe kukaa mtihani wa siku mbili. Waliopita mchujo huo ni wachache, wapatao mia moja. Wagonjwa wao wengi ni mbwa wa nyumbani anayetetemeka radi ikipiga, paka anayekojoa ovyo, kasuku anayejinyonyoa manyoya. Si mambo ya kuchekwa. Katika miji yao, tabia mbaya ni moja ya sababu kubwa za mnyama kutelekezwa au kuuawa kwa sindano, kwa hiyo bingwa wa tabia huko huokoa maisha kama anavyookoa daktari wa upasuaji.

Sipendekezi tuuchukue mtaala huo tuulete Ufipa. Ninachoona kinafaa kuazimwa ni misingi miwili iliyo chini yake. Wa kwanza, kwamba tabia ya mnyama ni dalili ya kitabibu yenye uzito sawa na homa au damu, na akiisoma vibaya mtaalamu atatibu vibaya. Wa pili, kwamba mtu anayedai kuisoma anapaswa kuthibitishwa na watu wengine wasio walimu wake, kwa kazi inayoonekana. Kwa Tanzania, yenye ng'ombe zaidi ya milioni 30, mtihani wa namna hiyo usianze na daktari wa mbwa wa mjini. Uanze na ofisa mifugo wa kata aliye peke yake mahali kama Wampembe, Kala au Ninde, kwa sababu huko ndiko tabia ya mnyama huwa maabara pekee iliyo karibu.

Ziwa hilohilo la Wampembe lina historia inayotuhusu sana hapa. Julai 1960 Jane Goodall alifika Gombe, kaskazini mwa ziwa, bila shahada yoyote ya chuo kikuu, akaanza kuwafuatilia sokwe mmoja mmoja na kuandika wanachofanya. Kazi hiyo ilimpa shahada ya uzamivu Cambridge, na hadi alipofariki Oktoba 2025 jina la Gombe lilikuwa limekwisha kuingia katika vitabu vya tabia za wanyama dunia nzima. Mwaka 1965 Toshisada Nishida na wenzake wa Japani wakaanza kazi kama hiyo Mahale, kusini zaidi. Watafiti wengine wamezama majini humu: samaki mla magamba, ambaye mdomo wake umepinda kushoto au kulia kulingana na ubavu anaoushambulia, alimpa Michio Hori makala mashuhuri ya kisayansi mwaka 1993, na huko Mpulungu, upande wa Zambia, wamechunguzwa kwa miaka mingi samaki wadogo wanaosaidiana kulea watoto. Wasomi wamethibitishwa kuwa wataalamu wa tabia kwa kutazama sokwe na samaki wa ziwa hili. Ng'ombe na mbwa wanaoishi kando ya maji yayo hayo wanastahili kutazamwa kwa nidhamu ileile.

Na nidhamu ndiyo neno la kushika, kwa kuwa Gombe haikutufundisha habari za sokwe tu. Mwaka 1966 ugonjwa wa kupooza ulipowaingia sokwe wa pale, ulitambulika kwa kuwaona wakiburuta mikono na miguu. Hakuna aliyeweza kuwakamata na kuwatoa damu. Hadi leo afya ya sokwe wale hufuatiliwa zaidi kwa macho: nani anakohoa, nani amebaki nyuma ya kundi, nani hali. Mtazamaji hufundishwa kutenganisha alichokiona na anachokidhani, na kumjua kila mnyama kwa jina ili mabadiliko yake yaonekane mapema. Ofisa mifugo anayeingia zizini asubuhi anahitaji mambo hayo mawili kabla ya kufungua kisanduku cha sindano.

Ng'ombe ni mnyama anayewindwa kwa asili, na mnyama wa aina hiyo huficha maumivu. Ugonjwa ukianza, dalili zake ni ndogo: ameacha kucheua, amesimama pembeni wenzake wakienda kunywa, masikio yamelala, mkia haufukuzi nzi. Mfugaji mzoefu huyaona haya siku moja au mbili kabla ya homa kali na mitoki ya ndigana kujitokeza, na siku hizo mbili mara nyingi ndizo zinazoamua kama dawa itamkuta mnyama anayeweza kupona. Ukienda mbele kidogo, tabia inaanza kutenganisha magonjwa yanayofanana kwa mbali. Mbuzi anayezunguka palepale upande mmoja, kichwa kimeinama, huenda ana kifuko cha mtoto wa minyoo kwenye ubongo. Minyoo hiyo hutoka kwa mbwa, na mbwa huipata kwa kula vichwa vya mbuzi waliochinjwa. Mbuzi anayetembea akinyanyua miguu juu kupita kiasi, anatafuna bila kitu mdomoni, kisha anaanguka kwa degedege, huenda ana moyo maji unaoletwa na kupe. Kwa jicho lisilofunzwa wote wawili "wamechanganyikiwa", na wote wawili watachomwa sindano ileile ya antibayotiki. Wa kwanza haitamsaidia kitu, kwa kuwa dawa ya zizi lile ni kumpa mbwa dawa ya minyoo na kuacha kumtupia vichwa. Kila sindano ya bure ya namna hii ni fedha ya mfugaji iliyopotea na hatua nyingine kuelekea usugu wa dawa.

Kosa la hatari kuliko yote liko kwenye ng'ombe mwenye kichaa cha mbwa. Mara nyingi haonekani mkali. Anadondosha ute, anashindwa kumeza, anajikamua, analia kwa sauti nzito isiyo ya kawaida. Anafanana kabisa na ng'ombe aliyekabwa na kitu kooni. Basi mwenye nia njema humfungua mdomo na kuingiza mkono mpaka kooni kutafuta kilichokwama, na mate yenye virusi yanagusa kila mchubuko wa ngozi yake. Kosa hili limewakuta hata madaktari wenye shahada katika nchi nyingi. Mtihani unaomuuliza mtahiniwa, kwa picha ya video ya mnyama halisi, "utafanya nini kwanza?" ungemkumbusha jambo hili kabla halijamgharimu.

Tabia si ya wagonjwa tu. Juu kwenye uwanda, kilimo cha Ufipa kinabebwa na maksai. Jozi iliyofunzwa vizuri hulima, huvuta mkokoteni wa mahindi, hupalilia. Jozi iliyofunzwa kwa fimbo peke yake hulima pia, lakini huhitaji mtu nyuma kwenye plau, mtu pembeni na kiboko, na mtoto anayetangulia mbele akishika kamba. Mtoto huyo katika msimu wa kulima yuko shambani badala ya darasani. Mradi wa Maksai wa Mbeya, ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1980, ulijaribu kusambaza zana na mafunzo ya wanyamakazi katika nyanda hizi za kusini, na wakulima wenyewe wameendeleza mengi tangu hapo. Kanuni ya kisayansi ya kumfunza maksai ni rahisi kuieleza na ngumu kuitenda: mnyama hujifunza kutokana na kile kinachokoma. Kamba ikilegea papo hapo anapopiga hatua, amejifunza kwenda. Fimbo ikiendelea kumwangukia hata baada ya kutii, amejifunza kwamba kutii hakuna faida, na kesho atalala chini katikati ya mtaro. Kinachomtenganisha mfunzaji mzuri na mbaya ni muda mfupi sana, na muda huo unaweza kupimwa na mtu anayetazama.

Hali ni hiyohiyo kwenye josho na siku za chanjo. Temple Grandin, mwanasayansi wa Marekani aliyezaliwa 1947, alionyesha kwamba kila ng'ombe ana eneo linalomzunguka ambalo mtu akiliingia mnyama husogea, na kwamba bega lake ni mpaka: ukisimama nyuma ya bega anakwenda mbele, ukisimama mbele yake anarudi. Mtu anayejua hayo anawapitisha ng'ombe wengi kwenye njia nyembamba ya josho bila kelele. Asiyejua anapiga, wanakanyagana, na ng'ombe, ambaye hasahau mahali alipoumizwa, mwaka unaofuata hakubali kuingia. Zoezi la chanjo linapokwama kwa sababu mifugo imekataa kuingia kizimbani, lawama huenda kwa mfugaji "asiyetoa ushirikiano". Mara nyingi kosa lilifanyika mwaka uliopita, na aliyelifanya alikuwa ameshika bomba la sindano.

Najua pingamizi la kwanza litakalotolewa, na ni zito. Wilaya ina upungufu wa maofisa, chanjo hazitoshi, majosho mengine hayafanyi kazi, halafu tunazungumzia mtihani wa tabia? Jibu langu ni kwamba ujuzi huu ni wa bei nafuu kuliko vyote vilivyotajwa, hauhitaji jokofu wala umeme, na unafanya hivyo vingine vidumu. Chukua kichaa cha mbwa. Mwaka 2002 watafiti walikadiria kwamba Tanzania hupoteza watu kama 1,500 kwa mwaka kwa ugonjwa huo, zaidi ya mara 100 ya vifo vilivyokuwa vikiripotiwa rasmi. Kinga yake kuu ni kuchanja mbwa, angalau asilimia 70 yao, na hakuna mtihani utakaochukua nafasi ya chanjo. Lakini chanjo ya binadamu ni ghali na adimu, na kuitumia vizuri kunategemea mtu wa kuchunguza mbwa aliyeuma. Katika mikoa ya Lindi, Mtwara, Morogoro na Mara umejaribiwa utaratibu ambapo kituo cha afya kikipokea aliyeumwa humpigia simu ofisa mifugo, naye huenda kumwangalia mnyama na kutoa tathmini. Utaratibu mzima umesimama juu ya jicho la ofisa yule. Akisema "hana tatizo" kwa mbwa mwenye tatizo, mtu atakufa, maana kichaa kikishaonyesha dalili kwa binadamu karibu hakuna anayepona. Uamuzi wenye uzito huo hauwezi kuitwa anasa.

Pingamizi la pili linatoka kwa wafugaji wenyewe, nami naliheshimu zaidi: Mfipa aliyekulia zizini, au Msukuma aliyehamia bonde la Rukwa na mamia ya ng'ombe, anajua tabia ya mnyama kuliko kijana yeyote aliyetoka chuoni. Ni kweli. Utafiti wa kichaa uliofanywa Serengeti na wilaya jirani tangu mwaka 2002 ulifuatilia mnyororo wa ugonjwa kutoka mbwa mmoja hadi mwingine kwa kutumia maelezo ya wanakijiji, na sampuli zilipopatikana maabara ilithibitisha sehemu kubwa ya walichosema. Ndiyo maana nasema wafugaji wa namna hiyo wakae upande wa watahini. Hata hivyo ujuzi wa kijiji nao una mashimo. Wengi bado wanaamini kwamba mbwa mwenye kichaa huogopa maji, na wakimwona akinywa wanatulia, ilhali kuogopa maji ni dalili ya binadamu mgonjwa. Mbwa mwenye kichaa anaweza kuvuka kijito na kunywa humo. Isitoshe, mfugaji akikosea anaumia yeye na zizi lake, bali ofisa ana mhuri: kauli yake inaruhusu mifugo kusafirishwa, nyama kuliwa, mbwa kuachiwa. Mwenye mhuri ndiye wa kupimwa.

Watakaosema kwamba mitihani huzaa vyeti na si ujuzi wanasema jambo tulilolishuhudia katika fani nyingi. Kwa kundi hili jibu liko Morogoro, kwenye viwanja vya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA). Shirika la APOPO, lililoanzishwa Ubelgiji mwaka 1997 na kuhamia SUA mwaka 2000, linafunza panya buku kunusa mabomu yaliyofukiwa na makohozi ya wagonjwa wa kifua kikuu. Mafunzo ya panya wa mabomu huchukua karibu miezi tisa. Kisha hufanyiwa mtihani katika eneo lenye mabomu yaliyofukiwa, na anayemwongoza kwa kamba hajui yako wapi, hivyo hawezi kumsaidia hata bila kukusudia. Panya akiruka bomu amefeli. Akikwaruza ovyo pasipo na kitu kupita kiwango kilichowekwa, amefeli vilevile. Upande wa kifua kikuu, makohozi ambayo tayari yanajulikana kuwa na vimelea huchanganywa na yasiyojulikana ili kila siku ya kazi iwe pia siku ya kumpima panya, na anachokitilia shaka huthibitishwa kwanza kabla mgonjwa hajaambiwa. Matokeo yameonekana Msumbiji, iliyotangazwa kuwa huru dhidi ya mabomu ya ardhini mwaka 2015, na Kambodia, ambako panya Magawa, mzaliwa wa Tanzania, alipewa nishani ya dhahabu ya shirika la PDSA la Uingereza mwaka 2020. Nchi hii basi inajua kutunga mtihani wa tabia usio na mwanya wa kuiba majibu. Tumeutunga kwa ajili ya panya, na unaaminika hadi watu wanakanyaga ardhi aliyoipitisha.

Mtihani wa binadamu ufuate misingi hiyo. Kundi la mbuzi lipimwe joto na damu na watahini, kisha mtahiniwa asiyejua majibu alitazame kwa nusu saa bila kugusa na aseme nani anaumwa na kwa nini anadhani hivyo. Aonyeshwe video za mbwa ambao ubongo wao ulipimwa baadaye, atoe uamuzi. Apitishe ng'ombe josho huku watu wakihesabu: mara ngapi fimbo imetumika, ng'ombe wangapi wameteleza, wangapi wamelia. Grandin aliingiza hesabu za namna hii kwenye machinjio ya Marekani miaka ya 1990 na zikabadilisha kazi, kwa kuwa namba hazibembelezwi. Aandike ripoti tatu za wanyama aliowashughulikia mwenyewe, kama wanavyofanya wale mabingwa wa Marekani, na mojawapo iwe ya mnyama aliyemsoma vibaya. Na apimwe tena baada ya miaka michache, kwa sababu jicho hupoteza ukali lisipotumika.

Msingi wa kisheria upo. Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 iliunda Baraza la Veterinari lenye jukumu la kusajili madaktari na kuwaorodhesha wasaidizi wao wa kitaaluma. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamtambua mnyama kuwa kiumbe mwenye hisia. Shirika la Afya ya Wanyama Duniani lilitoa mwaka 2019 mwongozo wa umahiri wa wasaidizi wa kitaaluma, unaoweza kutumika kama kiunzi. Morogoro tuna mafunzo ya tiba ya wanyama tangu 1976, na Wakala wa Vyuo vya Mafunzo ya Mifugo, LITA, ana kampasi Tengeru, Mpwapwa na kwingineko. Ubingwa kamili wa kidaktari unaweza kuja baadaye, ukiwa umejengwa juu ya watu waliokwisha kupimwa shambani.

Ombi langu kwa Baraza la Veterinari, kwa SUA na kwa LITA ni moja. Liandaeni jaribio dogo katika Wilaya ya Nkasi, msimu wa kiangazi barabara zikipitika, kwa maofisa wa kata za ziwani kwanza. Wafugaji wawili wakongwe wa Wampembe wakae mezani pamoja na daktari wa wilaya, wenye haki ya kutoa alama. Matokeo yatangazwe hata kama yatakuwa mabaya, na atakayefeli afundishwe na kurudia, asifukuzwe.